Mukombero nyumbani: mwongozo kamili wa kuupanda, kuuvuna bila kuuua na kuutumia

Malalamiko yanayonifikia kuhusu mukombero, mmea wa kutambaa ambao mizizi yake yenye harufu ya vanila hutafunwa, yanafanana kama mapacha. Msomaji wa Khayega, hapa magharibi mwa Kenya, amesia mbegu misimu mitatu, hajaona hata jani. Wa Luanda ana mmea uliofunika mparachichi mzima, lakini alipochimba alikuta mizizi myembamba kama kamba za viatu. Wa Ahero alivuna mara moja tu, akafurahi, na baada ya wiki mbili mmea wote ukanyauka.

Nimeushughulikia mmea huu shambani kwangu karibu na Shinyalu kwa miaka 11, na naona matatizo hayo yana vyanzo vinne: mbegu iliyokaa sana, udongo mgumu, pupa ya kuvuna, na jua wakati wa kukausha. Kila kimoja kina dawa yake, nami nitazitaja kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Usiruke hatua ya kwanza hata kama unaamini unaujua mmea.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kitalu:

- Maganda 2 au 3 ya mukombero yaliyokomaa, kutoka kwenye mmea uliouona kwa macho yako
- Udongo mweusi wa juu, gorogoro 3
- Mchanga wa mto, gorogoro 2
- Mboji iliyooza kabisa, gorogoro 1
- Mikebe yenye kina cha sentimita 20 au zaidi, iliyotobolewa chini
- Nyasi kavu

Kwa shamba:

- Jembe, foki jembe na sepetu
- Samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi 3 au zaidi, debe 1 kwa kila shimo
- Mti hai wa kupandia, au nguzo imara ya mita 2 na nusu
- Wavu wa waya wenye matundu madogo, kama kwenu kuna fuko

Kwa kuvuna na kukausha:

- Kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha, urefu wa mkono
- Kisu kikali
- Majivu ya jikoni yaliyopoa na kuchekechwa
- Ungo mpana na kitambaa chepesi cha pamba
- Chupa za kioo zenye vifuniko vinavyokaza

Na muda. Tangu mbegu hadi mzizi wa kwanza wa kutafuna, hesabu miaka 2. Anayekuuzia mche akikuahidi mavuno ya miezi 6, mwachie mche wake.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mukombero wenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Mondia whitei. Waluo huuita ogombo. Ni mmea wa kutambaa wenye ukoo mmoja na msunguti, ule mti wa sumu ya mishale, na pia oleanda inayopandwa kwa urembo mbele ya majumba mjini. Kwa hiyo utomvu mweupe unaotoka ukikwanyua jani si uthibitisho wa chochote. Mimea mingi ya kuua hutoa utomvu huohuo.

Tafuta mambo matatu, na yote yawepo.

La kwanza ni majani. Huota mawili mawili yakitazamana, ni makubwa, na upande wa kikonyo yamejikata kwa umbo la moyo.

La pili ndilo watu wengi hawalijui, na mimi ndilo ninaloliamini kuliko yote mmea ukiwa mchanga. Shika shina pale vikonyo viwili vinapokutana. Kati ya kikonyo na kikonyo utaona ukingo mdogo uliochanika chanika, kama marinda ya ukosi wa gauni la mtoto. Pitisha ukucha juu yake, utausikia unakwaruza. Ukishauona mara moja, utaweza kuuchagua mukombero katikati ya kichaka bila kuinama.

La tatu ni harufu. Fukua mzizi mmoja kidogo, kwangua ganda kwa ukucha, kisha nusa. Harufu ni ya vanila, ileile ya keki inayotoka tanurini. Harufu hiyo inatokana na kemikali iliyo jamaa ya karibu ya vanilini yenyewe, ndiyo maana pua haikosei.

Onyo: Usiujaribu mmea kwa ulimi. Nusa tu. Mzizi usio na harufu ya vanila uache ulipo, hata kama mwuzaji anaapa.

Umefaulu ikiwa: una majani ya moyo yanayotazamana, marinda kwenye kifundo, na vanila kwenye mzizi.

## Hatua ya 2: Pata mbegu kwa wakati wake

Hapa ndipo wengi wanapokwama kama yule wa Khayega. Tatizo lake halikuwa udongo wala maji. Alinunua mbegu sokoni, mbegu zilizokuwa zimekaa kwenye kikaratasi tangu msimu uliopita.

Tunda la mukombero ni maganda mawili yaliyoshikana kwenye kikonyo kimoja, kama pembe mbili za mbuzi. Yakikomaa hubadilika rangi kutoka kijani, yakaanza kupasuka kwenye mshono. Ndani mna mbegu bapa za kahawia, kila moja ikiwa na kishungi cha nyuzi nyeupe laini kama hariri. Kazi ya kishungi ni kuipeperusha mbegu, kwa hiyo ukichelewa siku mbili tu, upepo utakuwa umekutangulia.

Ukiona ganda linaanza kugeuka rangi, lifunge ndani ya kitambaa chepesi palepale kwenye mmea. Likipasuka, mbegu zitabaki humo. Nyofoa vishungi kwa vidole, tupa mbegu nyembamba zisizo na kiini, kisha usie ndani ya wiki hiyohiyo.

Mwaka mmoja nilizigawa mbegu za ganda moja mafungu mawili. Fungu la kwanza nilisia siku ya tatu, na kitalu kilijaa. Fungu la pili niliweka kabatini hadi mvua zilizofuata, na zilizoota zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Udongo ulikuwa uleule na mkono wa kumwagilia ulikuwa uleule.

Kama huwezi kupata ganda, omba kwa mwenye mmea kipande cha kichwa cha mzizi chenye jicho moja au mawili, yaani vile vichipukizi vinavyoanza kutokeza. Kipande hicho hukua haraka kuliko mche wa mbegu. Vipandikizi vya shina navyo vinawezekana, lakini kwangu vingi huoza kabla ya kutoa mizizi, na siwashauri wanaoanza.

Onyo: Usiingie Msitu wa Kakamega kutafuta mbegu au mizizi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kuchukua mazao ya msitu wa serikali bila kibali ni kosa. Tena mukombero wa msituni umechimbwa hadi ukawa adimu mahali ambapo zamani ulikuwa unakukwaza miguu. Tunaupanda nyumbani ili ule wa msituni upate nafasi ya kurudi.

## Hatua ya 3: Kitalu

Changanya udongo, mchanga na mboji kwa vipimo vya hapo juu. Mchanga ni wa kupitisha maji, kwa sababu mche huu huoza shingoni ukikaa kwenye matope.

Weka mbegu 2 kwa kila mkebe, zifunike kwa udongo mwembamba, nusu sentimita tu. Mbegu ni nyepesi, haina akiba ya kusukuma udongo mzito. Tandaza nyasi kavu juu, weka mikebe chini ya kivuli cha mti, na nyunyiza maji asubuhi. Udongo ukishikwa ushikamane bila kutoa maji.

Subiri wiki 3 hadi 5. Usifukue kuangalia. Najua hamu hiyo, lakini kila ukifukua unakata kimzizi ambacho bado hujakiona. Zikianza kuchomoza, ondoa nyasi, na miche miwili ikitoka katika mkebe mmoja, acha ulio na nguvu.

Umefaulu ikiwa: baada ya miezi 2 au 3 mche una jozi 3 za majani na shina limeanza kutafuta kitu cha kuzungukia.

## Hatua ya 4: Shimo linaloamua unene wa mzizi

Yule wa Luanda alipanda vizuri, akamwagilia, akaweka mbolea. Alichokosea ni shimo: alichimba la kutosha mche tu, kwenye udongo ulioshindiliwa na ng'ombe kwa miaka. Mzizi wa mukombero hauna nguvu ya kupasua udongo mgumu. Ukizuiwa hautanenepa. Utapita pembeni ukiwa mwembamba, na nguvu yote ya mmea itaenda juu kwenye majani. Kwa hiyo ukiona mmea umefunika mti mzima usidhani kuna hazina chini.

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Vunja kitako cha shimo kwa foki jembe. Changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza, urudishe, ujaze hadi utengeneze kilima kidogo, maana utashuka mvua ikinyesha.

Mbolea mbichi ya kuku iache. Ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hulisha majani kuliko mizizi. Hapo ndipo unapata kichaka kizuri cha kupiga picha na mizizi ya kamba.

Mahali pa shimo ni muhimu vilevile. Liwe mita 1 kutoka kwenye shina la mti wa kupandia, na mmea uuelekeze mtini kwa kamba au fito. Ukipanda pale shinani, siku ya kuvuna utakuta mizizi ya mti na ya mukombero imesukana kama nywele, utakata hii ukidhani ni ile. Mti ninaoupenda kwa kazi hii ni lusiola, ambao Waluo huuita siala, kwa sababu kivuli chake hakizidi. Grivilea nayo inafaa. Mkaratusi usithubutu, maana hunywa maji yote yaliyo karibu nao.

Kwa walio Ahero na tambarare za Kano kwa jumla: udongo wenu mweusi hushika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na vyote viwili ni adui wa mzizi. Msipande shimoni. Tengenezeni tuta la kimo cha sentimita 40 lenye mchanga na samadi, mpande juu yake.

Na fuko. Kwenye shamba langu la chini alinimalizia miche minne bila kuacha alama juu ya ardhi. Niligundua siku nilipogusa mmea ukaja wote mkononi, umekatwa chini kama kwa kisu. Tangu hapo nazungushia kuta za shimo wavu wa waya na kuacha chini wazi ili mizizi ishuke. Fuko husafiri karibu na uso wa ardhi, hivyo wavu wa pembeni humzuia kwa kiasi kikubwa.

## Hatua ya 5: Kuhamishia shambani, na miaka miwili ya kungoja

Panda mvua zikishika, Machi hadi Aprili, au Agosti hadi Septemba. Jioni ni bora kuliko asubuhi kwa sababu mche hupata usiku mzima wa kutulia. Acha mita 1 na nusu hadi 2 kati ya mmea na mmea.

Palilia kwa mkono karibu na shina, jembe litumie mbali. Tandaza nyasi au majani ya mgomba, lakini yasiguse shina. Kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi kwa mpigo ili mizizi iyafuate chini. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, mizizi itabaki juu juu. Usikwanyue majani ovyo, kwani majani ndiyo yanayolisha mzizi.

Umefaulu ikiwa: mwishoni mwa mwaka wa kwanza mmea umefika kwenye matawi ya mti, na mwaka wa pili umetoa maua ya rangi ya zambarau iliyokoza yenye kingo za manjano.

## Hatua ya 6: Kuvuna bila kuua

Soma hatua hii mara mbili kabla ya kushika jembe. Mukombero wangu wa kwanza niliushika shinani, nikautikisa, nikaung'oa mzima, nikabeba kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Nyanya mmoja jirani, sisi humwita Kukhu, alinitazama akauliza mwingine uko wapi. Sikuwa na mwingine. Akanionyesha kwa kijiti jinsi wao walivyokuwa wakifanya, na kunilinganishia na kukamua ng'ombe: ndama huachiwa titi lake. Ninachoeleza hapa kimetoka mkononi mwake, pamoja na machache niliyoongeza.

Wakati. Vuna mwishoni mwa kiangazi, wiki 2 au 3 kabla ya mvua, yaani kwa sisi wa magharibi Februari kuelekea Machi. Kidonda cha mzizi hupona vizuri kwenye udongo mkavu kiasi, kisha mvua ikija mmea unachipua mizizi mipya. Ukivuna katikati ya masika, kidonda hukaa majini na kuoza. Ndicho kilichompata wa Ahero. Kama udongo ni mgumu sana, mwagilia upande utakaochimba jioni ya kuamkia siku ya kuvuna, ndoo moja tu.

Upande. Chora kwa kijiti mstari ardhini unaopita kwenye shina na kugawa eneo lake mara mbili. Utavuna upande mmoja pekee. Chomeka kigingi upande uliovuna ili mwaka unaofuata uende upande wa pili. Usitegemee kumbukumbu.

Kuchimba. Anza sentimita 80 kutoka shinani ukija ndani, si kutoka shinani ukienda nje. Tumia foki jembe kulegeza udongo, halafu liweke kando. Ukiona ganda la kwanza la mzizi, la kahawia hafifu, endelea kwa kijiti na vidole. Jembe likigonga mzizi, harufu ya vanila itapanda puani papo hapo. Harufu hiyo ni ya kidonda, kwa hiyo punguza mwendo.

Kuchagua. Fukua hadi uone mizizi yote ya upande huo kabla ya kukata hata mmoja. Chukua iliyonenepa kama kidole gumba, au angalau kama kidole cha mwisho. Ile myembamba iache ikue. Hata ikiwa yote ni minene, nusu ya upande huo ndiyo mwisho wako. Ukihesabu mmea mzima, umechukua kama robo.

Kukata. Kata kwa kisu, shibiri moja kutoka kwenye kichwa. Usivute, usivunje kwa mkono: mzizi ukivutwa huchana hadi kichwani, na kichwa kikichanika ndiyo kifo. Mkato uwe mmoja, safi. Paka majivu kwenye kidonda kilichobaki kwenye mmea, maana hukausha haraka.

Kufunika. Rudisha udongo saa hiyohiyo, shindilia kwa kiganja si kwa mguu, tandaza nyasi. Usimwagilie siku 4 au 5.

Umefaulu ikiwa: majani yamelegea siku mbili tatu kisha yamesimama, na mvua za kwanza zimeleta machipukizi. Majani ya chini yakigeuka manjano kwa wingi na shina likawa laini ukilibonyeza, uozo umeingia. Fukua upesi, kata sehemu iliyooza, tia majivu, na acha kidonda kipigwe hewa siku moja.

## Hatua ya 7: Kuosha na kukausha

Sugua udongo kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, au kwa maji matatu tofauti. Usiloweke. Harufu na ladha viko kwenye ganda, na maji huvichukua.

Mizizi ya kutafuna ikiwa mibichi ifunge ndani ya jani la mgomba na kuiweka mahali pa baridi. Itakaa kama wiki moja. Ya unga ishughulikie siku hiyohiyo.

Katikati ya mzizi mna ugumu kama kijiti, nao hauna kazi. Gongagonga mzizi kwa mchi hadi ganda lilegee, ulichune, utupe kijiti. Ukingoja ukauke kwanza, ganda litang'ang'ania na utahangaika bure. Kata ganda vipande vyembamba, tandaza kwenye ungo bila kurundika, funika kwa kitambaa cha pamba, na anika kivulini penye upepo. Mimi hutumia ubaraza wa nyuma. Vipande vigeuze asubuhi na jioni.

Kwa nini kivulini? Ile kemikali ya harufu hupaa hewani kwa joto. Nimeona watu wakianika kwenye mabati kwa jua la saa saba, kisha wanashangaa mukombero wao kunukia vumbi. Juu ya meko pia hapafai, moshi huingia na hautoki.

Onyo: Ukiona ukungu, hata doa moja la kijani au jeusi, tupa ungo mzima. Ukungu hauondoki kwa kupanguswa, na sumu zake nyingine hazifi kwa kuchemshwa.

Umefaulu ikiwa: baada ya siku 5 hadi 8 kipande kinakatika kwa mlio, hakipindi. Hapo ndipo utwange, uchekeche na kutia chupani.

## Hatua ya 8: Kutumia

Kwetu mukombero hutafunwa baada ya chakula kutuliza tumbo na gesi, hutafunwa asubuhi na aliyekunywa jana, hupewa mtu aliyepoteza hamu ya kula, na wanaume wengi huutafuta kwa sababu wanayoijua. Mjini utawaona wachuuzi wakiuuza pamoja na njugu karanga, na ni mchanganyiko mtamu kweli.

Kutafuna. Mzizi ulionunuliwa barabarani, Kibuye au kwingineko, uoshe wewe mwenyewe na usuuze kwa maji yaliyochemshwa. Umetoka ardhini na umepita mikono mingi, na homa ya matumbo na mayai ya minyoo husafiri kwa njia hiyohiyo. Chukua kipande cha urefu wa kidole cha kati, chuna ganda kwa meno, tafuna polepole, tema kijiti. Mwanzo utasikia ukali kidogo, halafu utamu unaobaki kwenye ulimi kwa muda mrefu.

Chai. Chemsha maji au chai yako kama kawaida, epua, ndipo utie nusu kijiko cha chai cha unga kwa kikombe kimoja. Funika dakika 10, chuja. Unga usiuchemshe motoni, la sivyo harufu yote itabaki jikoni na kikombe kitakuwa na uchungu mtupu.

Kikombe kimoja au kipande kimoja kwa siku kinatosha, na si kila siku kwa miezi. Hakuna kipimo cha mukombero kilichothibitishwa kwa majaribio ya binadamu. Tulicho nacho ni desturi, na desturi ni kutafuna kidogo.

Kuhusu nguvu za kiume nitasema wazi, kwa sababu hapa ndipo watu wanadanganywa. Majaribio mengi yamefanywa kwa panya wa maabara, na matokeo yake yanagongana: baadhi yalionyesha homoni ya kiume ikipanda, mengine yalionyesha utengenezaji wa mbegu za kiume ukivurugika panya walipopewa mzizi kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwanamume anayetafuta mtoto asiufanye mukombero kuwa tiba yake. Aende yeye na mkewe wakapimwe wote wawili. Tena nguvu zikipungua, huenda ni kisukari au shinikizo la damu linabisha hodi. Mzizi utakaokufanya uchelewe kwenda kupima haukusaidii.

Wasiotakiwa kuutumia kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia ni hawa: wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, na yeyote anayemeza dawa za shinikizo, kisukari, moyo au homoni. Dawa ya hospitali usiiache kwa sababu ya mzizi. Tumbo linalouma zaidi ya siku chache, kinyesi chenye damu, au kukonda bila sababu, nenda hospitali.

Na unga wa kununua, ule wa paketi zisizo na jina unaoahidi maajabu kwa dakika 30, usiuguse. Mzizi haufanyi kazi hivyo. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta dawa za mitishamba za aina hiyo zimetiwa kwa siri sildenafili, ile dawa iliyo ndani ya Viagra, na sildenafili ikikutana na dawa za moyo zenye naitreti huweza kushusha shinikizo la damu hadi mtu akafa. Hiyo ni sababu nyingine ya kupanda wako na kusaga wako.

## Kuhifadhi

Jaza chupa hadi juu ili hewa iwe kidogo, kaza kifuniko, andika tarehe, weka kabatini mbali na meko. Chupa yangu hukaa miezi 6 ikiwa na harufu kamili. Kila unapofungua, nusa kwanza. Vanila ikiwepo, tumia. Vanila ikiwa imekwisha, unga huo mwage kwenye mboji, na uangalie kigingi chako kiko upande gani.